Toeni milango kwenye kabati la nguo

Jumamosi nilisimama uani nikiwatazama vijana wanne wakibishana na kabati. Jirani yetu mpya, kijana aliyeoa juzi tu, alikuwa anahamia chumba na sebule, na kirikuu ilishashusha kila kitu bila taabu: godoro, friji, mtungi wa gesi, ndoo za bibi harusi zikiwa bado na nailoni. Kabati likagoma. Milango mitatu, kioo katikati, mninga mtupu, maua ya kuchonga juu. Lilikataa kona ya korido. Wakalilaza, wakalisimamisha, wakang'oa mlango wa chumba, mwisho wakayakata yale maua. Likaingia. Jioni bwana harusi akanigongea: "Kaka, samahani, una nyundo?" Mlango wa kulia wa kabati ulikuwa unagonga kitanda, haufunguki zaidi ya kiganja, na nguo zake ndiyo ziko upande huo. Nilimpa nyundo. Alichotaka kukigonga sikuuliza.

Kijana simlaumu. Mjini hapa ndoa bila seti ya chumbani haijakamilika, na seti maana yake kitanda, dresing tebo na kabati la kutisha, vyote rangi moja. Unakwenda Keko kwa mafundi samani, unaoneshwa kabati limesimama barabarani, juu yake mbingu, pembeni yake daladala. Kando ya daladala kila kabati ni dogo.

Tupige hesabu basi, maana pale barabarani hakuna anayeipiga. Vyumba vingi tunavyopanga ni futi 10 kwa 10, na ukibahatika, 10 kwa 12. Kitanda cha 5 kwa 6, ukihesabu na ubao wa kichwani, kinakula karibu futi 6 na nusu. Zimebaki tatu na nusu. Kabati la kutundika nguo linataka kina cha futi 2, kwa sababu henga ya mtu mzima ina sentimita 42 hadi 45 na bega la koti linazidi kidogo hapo. Sasa umebakiwa na inchi 18 za kupita. Kabati la futi 6 lenye milango mitatu, kila mlango una upana wa inchi 24. Mlango wa inchi 24 haufunguki wote ndani ya inchi 18, hata ufungishwe kwa dua. Na wewe mwenyewe unayetaka kuchukua shati utasimama wapi? Juu ya kitanda, kumbe wapi.

Kuna mafundi walioona tatizo hili wakaamua kulimaliza kwa kupunguza kina hadi futi moja na nusu. Hapo henga inakaa mshazari, mkono wa koti unachungulia nje, na ili mlango usijifungue usiku unaukazia kipande cha boksi la sabuni ulichokikunja mara nne. Kila nyumba yenye kabati la aina hiyo ina hicho kiboksi. Kikidondoka, familia nzima inakijua, mtoto anatumwa akiokote kitandani kwa chini.

Ushauri wangu kwa mpangaji yeyote mwenye chumba kidogo: toa milango. Weka pazia.

Nenda kwa fundi wa grili, si wa mbao. Mwambie akuundie fremu ya skwea paipu ya inchi moja, kina futi 2, urefu hadi karibu na dari. Makabati mengi ya dukani yanaishia futi 6 na nusu au 7, halafu juu yake mnarundika mabegi na boksi la feni hadi wageni wadhani mnahama. Huko juu weka ubao, mabegi yalale ndani. Chini ya ubao, upande mmoja ukae na mabomba mawili ya kutundikia: moja futi 6 na nusu kutoka sakafuni, jingine futi 3 na robo. Mashati, blauzi na suruali zilizokunjwa zinaenea juu na chini, na hapo hapo umeshapata mara mbili ya ulichokuwa nacho. Upande mwingine uache bomba moja tu la juu, kwa kanzu, baibui na magauni, ambayo yanataka kama futi 5 za kuning'inia bila kujikunja. Mgongoni usiweke kitu. Mbele piga bomba la pazia. Pazia halina bawaba, haligongi kitanda, na ukilivuta unaona nguo zote kwa mkupuo mmoja badala ya kuchungulia mlango kwa mlango. Na sharti moja kwa fundi: maungio yawe ya nati, asichomelee kila kitu. Sisi ni watu wa kodi ya miezi sita. Siku mwenye nyumba atakapoamka na bei mpya, unafungua nati, unafunga mabomba kamba, yanapanda kirikuu pamoja na ndoo.

Halafu kuna unyevu, ambao wauza makabati hawautaji kabisa. Dar hii, kuanzia Machi hadi Mei, weka mkanda wa ngozi kwenye kabati lililofungwa na kuegemezwa ukuta wa nje, uone utakavyoota ukungu. Nguo za pwani zinataka hewa. Shangazi yangu Tanga ana kasha la zamani la misumari ya shaba, na kila mtu kwenye ukoo analiona ndilo lililotunza kanga zake za ujana. Kasha gani! Shangazi ndiye anayezitoa zote, anazianika, anazifukiza udi, kisha anazipanga upya. Wewe unayerudi kutoka kazini saa mbili usiku umechoka na foleni, nani akuanikie?

Najua mtasema pazia ni umaskini. Mke wangu naye alisema, tena kwa sauti. Nikamuuliza hao wageni watakaolicheka wanaingiaje chumbani kwetu, na hadi leo nasubiri jibu. Vumbi, sawa, nakubali. Anayeishi kando ya barabara isiyo na lami atafua pazia mara kwa mara, na kanzu nyeupe ataivalisha mfuko. Mwenye mtoto anayejifunza kusimama naye akaze bomba vizuri, kwa sababu litavutwa. Milango ya kuteleza? Ni mizuri kama una hela, ila inakuonesha nusu ya kabati kwa wakati, na reli ya chini ikijaa mchanga utaisukuma kwa goti. Makabati ya turubai na zipu hayafiki mwaka. Ya chipubodi yakibomolewa na kuungwa tena mara mbili, skrubu hazishiki, na yakilowa maji ya kudeki yanavimba miguu.

Na tukiwa hapo hapo, hebu tuseme ukweli kuhusu kinachojaza hayo makabati. Sare. Kitenge cha sendofu ya binamu, cha kitchen party ya bosi, cha harusi ya mtu ambaye ndoa yenyewe imeshavunjika, na fulana za kampeni ambazo mgombea wake ameshahama chama. Hivyo vyote vina uvungu wa kitanda, ndani ya lile tranka la shule ulilolisahau. Bomba la kutundikia liachiwe nguo zinazovaliwa.

Mninga wa jirani ni mzuri, sikatai. Siku akijenga kwake utamfaa.

Nanyi wenye nyumba mnaopandisha vyumba vya kupangisha kila kona, mnakumbuka kuweka master, mnakumbuka jipsamu yenye taa za buluu, lakini mahali pa kuweka shati hamna. Mkipanga tofali, acheni uwazi wa futi 2 kwa 5 ukutani, basi. Pazia tutanunua wenyewe.