Sola Paani Mombasa: Jua la Mchana na Joto la Usiku

Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima, wengi walijifunza kwamba paneli pekee hazitoshi. Mtambo wa sola uliounganishwa na gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, bila betri hujizima gridi inapozimika, ili usiwapige umeme mafundi walio kwenye nyaya. Jambo hilo ni muhimu kwa yeyote anayesifu sola ya majumbani, nami ni mmoja wao.

Faida zake hapa ni za kweli. Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua halitukimbii ila kwa siku za mawingu ya masika. Linapowaka sana ndipo friji hufanya kazi kubwa zaidi, na ndipo pampu ya kisima inaweza kujaza tangi la juu; tangi hilo likijaa saa nane mchana, familia huoga na kupika jioni kwa maji yaliyopandishwa na jua bila kununua betri hata moja. Kwa mji wenye shida ya maji kama wetu, hilo silioni dogo.

Hata hivyo, mahitaji ya umeme hupanda wakati wa magharibi, taa na feni zinapowashwa pamoja. Bila betri, sola ya paani haikipunguzii kituo cha umeme cha Kipevu mafuta mazito yanayochomwa saa hizo. Hewa ya chumvi nayo haisamehe: nati za chuma cha kawaida hushika kutu upesi, kwa hiyo fundi anayeuza kwa bei ya chini kwa kufunga vyuma hafifu anamtia mwenye nyumba hasarani.

Linalonisumbua zaidi ni mpangaji. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, paa ni la mwenye nyumba, lakini anayenunua tokeni za umeme na kulala kwenye joto ni mpangaji. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inamruhusu mteja kuingiza umeme wake wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa umeme huo kwenye bili yake, lakini mpangaji asiye na paa hana cha kuingiza. Wenye uwezo wakipunguza ununuzi wao, gharama ya nguzo na nyaya haipungui, na itawaelemea waliobaki.

Ndiyo maana ningetaka nafuu yoyote ya kodi au mkopo itangulizwe kwa mwenye nyumba anayekubali kuandika katika mkataba kwamba pampu, taa za ukumbini na feni za wapangaji zitatumia sola hiyo, na betri iwe sehemu ya mkopo huo.