Bei Ipatanwe Dar au Tanga? Mikataba ya Ununuzi Ndani ya Mfumo

Kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam na kiwanda au shamba la mkonge Tanga, ikishahamishia ununuzi wake kwenye mfumo wa kompyuta, lazima iamue: mikataba na wauzaji iwe ya pamoja, itumiwe na matawi yote, au kila tawi liwe na wake? Vikaoni suala hili hutupiwa watu wa kompyuta. Kwangu mimi ni suala la madaraka: nani anapatana bei, na nani analaumiwa mashine ikisimama.

Makao makuu wana hoja nzito. Tanga ikinunua beringi kivyake na Morogoro kivyake, muuzaji yuleyule anaweza kuwatoza bei mbili na pasiwe na anayejua. Mkataba mmoja hukusanya mahitaji yote, na mwenye oda kubwa ndiye anayepewa punguzo. Kwa beringi, vilainishi, matairi na kompyuta, sioni kwa nini afisa ununuzi wa Tanga ahangaike kukusanya profoma (karatasi za bei kutoka kwa wauzaji) tatu kila mara.

Shida ni kwamba bei hiyo nzuri mara nyingi ni ya mlangoni mwa ghala la Dar. Ongeza nauli ya lori kwa kilomita 350 hivi, punguzo linaweza kuyeyuka lote. Tena kuna vitu ambavyo havina sababu ya kutoka Dar: kokoto, mbao, chakula cha wafanyakazi, kazi za kuchomelea. Machungwa ya kantini yatoke Muheza, yaandikiwe mkataba Dar? Tawi likibanwa sana, watu hununua kwa fedha za matumizi madogo au hugawa oda moja vipande vitano ili kukwepa udhibiti. Ripoti ya mfumo inapendeza, ila haina habari na kinachoingia stoo.

Na mfumo wenyewe una masharti yake. Katika Oracle Purchasing, mojawapo ya programu za ununuzi, mkataba wa bei wa tawi hutumiwa na kitengo (tuseme tawi) kilichouandika peke yake. Ule wa pamoja una kitengo kimoja mmiliki, nacho huruhusu vitengo vingine kuutumia. Hao wengine huagiza, lakini hawawezi kuurekebisha. Muuzaji asiposajiliwa kwenye kitengo kinachonunua, mkataba upo ila haununuliki. Hata karatasi hubadilika: oda za mkataba wa tawi hutolewa kama sehemu ya mkataba wenyewe, ule wa pamoja huzaa LPO (hati za oda ya ununuzi) za kawaida zinazourejea. Tena punguzo linalokua kadiri jumla ya manunuzi inavyopanda hupatikana kwenye mkataba wa tawi tu. Yaani aliyechagua mkataba wa pamoja kwa ajili ya punguzo la aina hiyo amekosa mlango.

SAP, programu nyingine ya aina hiyo, ina njia ninayoiona ya busara zaidi. Mkataba ukiandikwa bila kutaja kiwanda, viwanda vyote vilivyo chini ya idara hiyo ya ununuzi huweza kuutumia, na kila kiwanda kikawekewa bei yake. Nauli ya Tanga inaandikwa kuwa ya Tanga, haifichwi.

Serikali nayo haikuchagua upande mmoja. GPSA, wakala wa serikali wa huduma za ununuzi, huingia mikataba maalumu na wazabuni wengi, na taasisi zinazonunua, ambazo tangu 2023 zina mfumo wa NeST wa ununuzi wa umma kwa mtandao, huweza kuwashindanisha tena wazabuni hao. Mpango unatoka juu, lakini mnunuzi hajafungwa kwa muuzaji mmoja.

Kwa hiyo siungi mkono agizo la "mikataba yote iwe ya pamoja", ambalo wauza mifumo hulipenda kwa kuwa linaonekana safi kwenye skrini. Iwe ya pamoja kwa vitu vya viwandani vyenye namba moja ya bidhaa popote. Vinavyooza, vizito kusafirisha au vinavyotakiwa usiku huohuo viachiwe tawi, kwa kikomo cha fedha. Na kabla mkataba wa pamoja haujasainiwa, mtunza stoo wa Tanga aulizwe mzigo wa mwisho kutoka Dar ulichukua siku ngapi kumfikia.