Eti ni wale wale tu

Jumapili asubuhi shemeji yangu alichukua daftari langu la ndege na wadudu mezani, akasoma kurasa mbili huku akila papai, akalifunga. "Shemeji, mbona mwaka mzima unaandika wale wale?" Mke wangu akacheka. Mimi sikucheka.

Kurasa alizosoma zilikuwa za jana yake. Mwezi ulikuwa umeandama juzi, na kwa mtu mwenye ugonjwa wangu hiyo ni sikukuu: mchana kuna bamvua, maji yanajaa na kutoka kupita kawaida, usiku kuna giza. Nilifika hori ya Mida, pwani ya Kenya, saa saba, maji yakianza kujaa. Wengi huenda maji yakiwa yametoka, wakaona vidoti vyeusi mbali juu ya tope, wakarudi wakisema hakuna kitu. Ndege wa pwani hafuatwi. Unakaa kando ya mikoko ukatulia, na maji yenyewe yanamsogeza hadi ulipo. Ilipokaribia saa tisa na nusu vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, walikuwa wamebanana kwenye ulimi wa mchanga mbele yangu. Niliwahesabu mara tatu nikapata majibu matatu.

Sululu nao walikuwepo. Jina hilo silibishii: mdomo wake umepinda kama chombo cha kuchimbia mtaro.

Sasa tuje kwenye "wale wale". Ipo aina moja ya kitwitwi, mdomo wake umeinama kidogo nchani, ambaye Januari ana rangi ya majivu na hakuna anayemtazama. Jumamosi hiyo ya Aprili, karibu nusu ya kundi walikuwa wekundu kama tofali, kifua hadi tumbo, na wamenenepa kwa mafuta ya safari. Wanakwenda kutaga Siberia, kaskazini kabisa, ambako barafu bado haijayeyuka vizuri. Wengine walikuwa bado kijivu, na baadhi yao, nadhani, ni vijana wa mwaka jana ambao hawataondoka. Watakuwa hapa Juni wenzao wakilea makinda. Kwa hiyo, shemeji, neno moja ulilolisoma mara kumi kwenye daftari ni msafiri, ni kijana aliyebaki, ni mgeni anayerudi Agosti amechakaa manyoya. Mimi nilikuwa nikiandika tarehe. Wewe ulisoma jina tu.

Na yule ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, atahamia fukwe za Somalia na Ghuba ya Uajemi, achimbe shimo mchangani kama panya, atage yai moja humo ndani. Kati ya vitwitwi na sululu hakuna anayefanya hivyo. Ukienda Mida Julai utaona wachache sana, nawe utasema wamekwisha.

Usiku nilitundika shuka jeupe bustanini na taa mbele yake, kuwavuta wadudu wa usiku. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba lugha inanipiga chenga hapa. Nikisema natafuta nondo, fundi wa jirani huuliza za milimita ngapi. Nakiri pia kwamba wengi wao siwajui, na kwamba mbu walinifaidi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha Alhamisi, kwa hiyo walikuja kwa fujo hadi saa nne, stima ilipopotea. Mmoja wa kijani safi alitua karibu na kamba. Mjusi kafiri wa dirishani alimmeza kabla sijamaliza kuandika neno "kijani".

Wengine walikuwa wa kijivu, wa kahawia, wa rangi ya vumbi. Wale wale, sivyo? Kiwavijeshi vamizi alipogunduliwa Afrika mwaka 2016, nondo wake alikuwa wa rangi hiyo hiyo ya vumbi. Ukimweka shukani kwangu kati ya wenzake hutamgeukia mara mbili. Watu walimjua alipokuwa tayari ndani ya mahindi. Sisemi daftari langu lingemzuia. Mimi si mwendawazimu. Nasema macho yaliyozoea "wale wale" hayawezi kumwona mgeni.

Halafu kuna ile jamii ya nondo wanene, mabawa membamba, wanaoning'inia hewani mbele ya ua wakinyonya kwa ulimi mrefu. Jumamosi walikuja wawili, hawakugusa shuka, wakapita moja kwa moja hadi kwenye mpapai. Ua la mpapai hunukia jioni, na hunukia kwa ajili yao. Mpapai dume uko upande wa jirani, jike uko kwangu, na miti haitembei. Kazi ya kubeba chavua hufanywa na nondo hao gizani, wakati wewe unatazama mpira.

Haya yote nilimwambia mezani, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alisikiliza, akafuta mdomo, akauliza kama papai limebaki.

Nilimkatia kipande.