Siumwi, Nakula Chungwa Tu

Juzi jioni nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka la mtaani kwetu, huku Nkuhungu, Dodoma, namenya chungwa langu taratibu. Akapita mzee mmoja ninayemheshimu sana. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasimama na kuniangalia mikono. "Pole mwanangu. Vipi, unaumwa?"

Nilicheka, lakini baadaye kicheko kikageuka hasira, kwa sababu mzee wa watu hakuwa anatania. Kwetu tunda ni chakula cha mgonjwa. Mtu anamaliza mwaka mzima bila ndugu yeyote kumpelekea hata kipande cha papai. Alazwe siku mbili tu uone: machungwa kwenye mifuko, ndizi mbivu, tikiti zima limekaa chini ya kitanda, mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wanagawiwa. Akiruhusiwa anarudi kwenye ugali wake na nyama choma, na matunda yanasubiri malaria ijayo.

Asiyeumwa akila tunda, basi ni mtoto, au mjamzito, au ni yule dada wa ofisini anayepunguza mwili. Mwanaume mzima na ndevu zake akionekana na embe mkononi saa nne asubuhi, lazima ajieleze. Akionekana na soda na chapati mbili, hakuna anayemuuliza.

Kuna na tunda la pambo. Hili mnalijua wote mnaokula kwa mama lishe: wali, maharage, mboga kidogo, halafu pembeni kipande cha tikiti chembamba kiasi kwamba ungeweza kusomea gazeti kwa kupitia humo. Ndiyo matunda ya siku hayo. Na wengine wanakiacha kwenye sahani.

Sasa swali ambalo watu wananiuliza kila nikiandika habari za msosi: matunda mangapi kwa siku? Jibu halina mbwembwe. Shirika la Afya Duniani linasema mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, viazi na mihogo havimo kwenye hesabu. Ukizigawa kwa gramu 80 unapata sehemu 5. Mboga sisi hatuna shida nazo sana, Mgogo na mlenda wake huwezi kuwatenganisha, na majani ya kunde na mchicha yapo. Kwa hiyo mimi nahesabu sehemu tatu za mboga, mbili za matunda. Chungwa moja la wastani ni sehemu moja. Ndizi mbivu moja ni ya pili. Umemaliza! Hiyo ndiyo siri kubwa ambayo watu wanalipia semina.

Ukiongeza la tatu hakuna atakayekukamata.

Shida yangu na mtindo huu wa "matunda ni ya mgonjwa" ni kwamba mwili haufanyi kazi hivyo. Vitamini C haina ghala. Ukila machungwa kumi leo ukiwa wodini, mwili unachukua unachohitaji na kingine kinatoka na mkojo. Kinachobaki ni kidogo, si cha kutegemea mwezi mzima. Inabidi uile leo, kesho uile tena, kidogo kidogo.

Na kuna jambo moja ambalo lingetakiwa kubandikwa kwenye kila jiko la Kanda ya Kati. Chakula chetu kina madini ya chuma: uwele, mtama, maharage, kunde, majani ya kijani. Lakini chuma cha kwenye mimea ni kigumu kufyonzwa, tofauti na cha kwenye nyama. Kinachokifungulia mlango ni vitamini C, na lazima viwe tumboni pamoja, mlo uleule. Yaani chungwa au pera baada ya ugali na maharage linafanya kazi ambayo chungwa la saa kumi jioni haliwezi kuifanya. Sisi tunafanya nini? Tunamaliza ugali, tunashushia na chai ya rangi nzito, ambayo ndiyo inayozuia hicho chuma kufyonzwa. Halafu binti anakwenda kliniki anaambiwa damu ndogo, anapewa vidonge, na ndugu wanakimbia sokoni kumtafutia matunda. Sasa! Mpera ulikuwa uani muda wote, ndege ndio wanaoufaidi.

Nimetaja pera makusudi. Gramu kwa gramu, pera lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa. Hakuna anayelisifia kwa sababu ni la bei ndogo na watoto wanalichuma bure. Wenzetu wenye projekta wakija kutufundisha lishe wanatuonyesha epo na stroberi. Epo linalouzwa hapa mjini limesafiri kutoka Afrika Kusini, limekaa kwenye baridi, linang'aa kama limepigwa dawa ya viatu, na bei yake inanunua fungu zima la machungwa. Ubuyu umetuzunguka kila upande, ukwaju upo, embe zikianza mwezi wa Novemba zinaozea chini, sisi tunaonyeshwa stroberi. (Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa 1973, mwaka uleule ilipoamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Tumezeeka pamoja, tungekuwa tumeshaelewana.)

Ubuyu ninaousema ni ule mweupe wa kutoka kwenye kibuyu chake. Ule mwekundu wa kwenye vifuko, wenye sukari na rangi inayobaki kwenye ulimi mpaka jioni, ni pipi. Tusidanganyane.

Na zabibu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, Hombolo na Mpunguzi huko wakulima wanahangaika na wanunuzi, sehemu kubwa inakwenda kwenye mvinyo. Muulize mtu wa hapa mara ya mwisho kununua kichala cha kula na wanawe ilikuwa lini. Atakuambia zabibu ni za wageni, za kupeleka Dar.

Juisi? Juisi si tunda. Glasi moja inameza machungwa matatu hivi, nyuzinyuzi zinabaki kwenye chujio, unakunywa sukari kwa dakika mbili. Na hapo ni kabla ya mama hajaongeza vijiko vyake. Kunywa ukipenda, ila usiihesabu kwenye zile mbili.

Haya, wa bei mnanisubiri. Nakubali, kuna miezi chungwa linapanda mpaka unalitazama tu, na mwenye watoto watano hawezi kununua mawili mawili kwa kila kichwa. Mkoa wetu ni mkavu, matunda mengi yanatoka Muheza, Morogoro na kwingineko, nauli tunalipa sisi. Ila nitaikubali hoja hiyo vizuri zaidi ikitoka kwa mtu asiyenunua soda kila siku. Na wa usafi pia mna haki: tikiti lililokatwa likakaa wazi barabarani na vumbi hili la Dodoma, mimi silinunui. Nunua zima, osha, menya mwenyewe.

Wenye kisukari msininukuu vibaya. Kipimo chenu mpangiwe na daktari wenu, na wenye matatizo ya figo vilevile, maana ndizi na chungwa vina potasiamu nyingi. Lakini kupangiwa kipimo si kukatazwa. Nina shangazi aliyeambiwa na majirani kwamba matunda yana sukari, akaacha papai kabisa. Nikienda kumsalimia ananikaribisha chai, na yeye anajimiminia ya kwake yenye sukari, na kipande cha mkate mweupe. "Shangazi, hii je?" "Hii ni kidogo tu baba, papai ndilo baya." Nimeshabishana naye mpaka nimechoka, sasa namenya papai, namkatia kipande kimoja, naweka mezani na kunyamaza. Mara nyingine anakila.

Jumamosi tuna kikao cha kamati ya harusi ya mpwa wangu. Nimeona rasimu ya bajeti: kuna fungu la "matunda ya kupamba meza kuu", mananasi yaliyochongwa, zabibu zinaning'inia, epo juu ya epo, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuyagusa mpaka wapambaji waje kuchukua vyombo vyao. Kwa wageni: soda mbili kila mmoja. Nimeandika kwenye grupu kwamba la meza kuu lifutwe, soda iwe moja, na kila mgeni apate ndizi yake. Mweka hazina amenijibu kwa kikatuni cha kucheka. Nasubiri ajibu kwa maneno.