Bibi aliniuliza: ulinipa au uliniazima?

Idd moja miaka ya nyuma nilimpelekea bibi blanketi. Na siyo blanketi la mchezo, ni lile zito la manyoya lenye picha ya simba, nimelibeba kutoka Kariakoo mpaka Muheza kule Tanga nimelipakata kama mtoto mchanga maana konda alitaka kulitupa kwenye buti pamoja na madumu ya watu mi nikagoma. Nimefika, shikamoo bibi, marahaba mume wangu, akalishika akalinusa akaniombea dua ndefu, nikampiga picha kajifunika, nikatupia status. Likes kibao.

Miezi minne baadae narudi naulizia blanketi, naambiwa kampa jirani ambaye binti yake kajifungua. Aisee nilinuna. Nilinuna hadi chai sikuimaliza. Bibi akaniangalia weee, afu akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani ulinipa au uliniazima?"

Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Ila lile swali ndo limenibadilisha namna ninavyonunua vitu vya kupeleka kwa wazee, na ndo maana naandika hapa kabla msimu wa watu kurudi nyumbani haujafika na tukaanza tena kubeba mablanketi.

Kiukweli wengi wetu hatuwanunulii wao, tunanunua picha. Shangazi yangu alimpa simu ya kupangusa, nzuri kweli, ikafungwa kwenye leso ikaingia sandukuni, bibi anaendelea na kitochi chake ambacho kitufe cha kupokelea kimefutika rangi na anakijua kwa kupapasa. Humo humo sandukuni mna khanga doti sijui ngapi, bado zina ule ugumu wa dukani, hazijawahi kuona maji. Ukimuuliza za nini anakwambia za wageni, na nyingine za siku nikiondoka. Hapo unabishaje? Unafunga sanduku unakaa kimya.

Na khanga yenyewe jamani ina mitego yake. Kuna binamu yangu, jina nalihifadhi ili tuendelee kuongea, alikimbilia duka la kwanza mtaa wa Uhuru akachukua doti kwa kuangalia rangi tu. Rangi ilikuwa safi. Ila pale chini imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Bibi macho hayasomi tena maandishi vizuri, akaivaa siku ya shughuli akakaa karibu na mama mmoja ambaye wana yao ya muda mrefu kuhusu mpaka wa michungwa, yule mama anasoma vizuri sana tu, basi ikawa kesi mpaka wazee wa mtaa wakaitwa. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndo linaloongea, hata mtoto wa Tanga analijua hilo. Wewe uliyekulia Sinza ukiona maua unalipa. Soma kwanza! Afu shika kitambaa. Bibi kila khanga mpya anaisugua kwa vidole viwili anasema hii chachi, siyo kama za kiwanda cha Urafiki za zamani, na mi nimeshaacha kumbishia maana za Urafiki alizonazo bado zinafunga mtoto mgongoni na za juzi zimeshakuwa tambara la kudekia.

Sasa turudi kwenye blanketi. Nilikuja kuelewa baadae, na kilichonielewesha ni sukari. Mwanzoni mwa 2024 mnakumbuka sukari ilivyoadimika, bei ikapaa, dukani unauziwa robo kwa kujuana, na Ramadhani ndo hiyo inakuja. Mi nilibahatika kupata kilo tano kwa mtu, nikazituma kwa basi, nikampigia nikamwambia bibi itumie polepole. Weee. Ndani ya wiki ilikuwa imebaki ya kuramba. Kikombe kwa huyu, kikombe kwa yule, mwalimu wa madrasa kikombe, hadi yule mama wa khanga kapelekewa kikombe. Nilipoenda nikakuta bibi ana furaha ambayo sijaiona kwenye blanketi wala kwenye ile simu, watu wanapita uani wanamsalimia, huyu kaleta muhogo wa bada (ule ugali wetu wa muhogo), huyu kaleta samaki, yani nyumba imechangamka kama kuna harusi.

Ndo nikajua. Bibi maisha yake yote alikuwa mtu wa kutoa. Alikuwa na shamba, ana mbuzi, ana machungwa, mtu akipita anatoka na kitu mkononi. Sasa hivi magoti hayafiki shamba, mbuzi waliisha, na sisi wajukuu tumemgeuza kuwa mtu wa kupokea tu, kila anayekuja anamwekea kitu mapajani na kumpiga picha. Inachosha hiyo, hata kama humwambii mtu. Kwa hiyo mi siku hizi nabeba vinavyogawika: sukari, majani ya chai, sabuni ya mche ambayo anaikata vipande kwa uzi, chumvi, viberiti dazeni nzima, na chenji za mia mbili mia mbili na mia tano mia tano za kuwapa vijukuu wa jirani wanaomchotea maji. Noti ya elfu kumi kijijini ni usumbufu, nani ana chenji.

Najua kuna watu watakuja na ile ya "zawadi kubwa ni muda wako." Sawa, kakae nae, lazima. Ila bibi yangu chai anaiweka sukari, haiweki muda, na ukienda mikono mitupu ukakaa siku tatu unakula bada lake unamwambia umemletea muda atakucheka huyo, mi namjua.

Kitu kingine nilichokuja kufanya, na hiki sijakitupia status na sitakitupia, ni kiti cha chooni. Choo ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na magoti yale. Nilikuwa nasikia anavyohema akitoka, na nikagundua jioni hanywi maji kabisa ili usiku asiende. Hakuwahi kumwambia mtu. Nikamtafuta fundi selemala pale pale mtaani, akatengeneza kiti cha mbao kizito kisichoyumba chenye tundu katikati, akakipiga msasa vizuri na vanishi ili kiwe rahisi kukiosha, na mlangoni tukachimbia nguzo mbili za kushikilia. Imenigharimu chini ya bei ya lile blanketi la simba. Bibi siku ya kwanza hakusema kitu, ya pili akanichungulia akasema, "Mume wangu umeniwekea kiti cha enzi." Na jioni hiyo nilimuona anakunywa maji, kikombe kizima.

Redio nayo tulikosea. Tulimnunulia ile yenye sola, taa, sehemu ya fleshi na vitufe kama rubani, akigusa tu stesheni imekimbia, anakosa taarifa ya habari ya redio ya taifa, ambayo yeye mpaka kesho anaiita kwa jina la zamani, RTD. Nikamtafutia ya kuzungusha kwa kidole, fundi kairekebisha sauti, tukapaka rangi ya kucha nyekundu pale stesheni yake ilipo, na dazeni ya betri juu ya kabati. Hiyo haijaenda kwa jirani. Hiyo kaikatalia.

Juzi kanipigia kabla hata sijasema nakuja. Kiberiti, majani ya chai, na sukari "usininunulie ya kunihesabia." Na khanga doti moja ya kumpelekea yule mama wa mpaka wa michungwa, mwanae anaolewa, nichague yenye maneno ya kheri na nimsomee kwenye simu kabla sijalipa. Blanketi, akasema, nisilete.