Upepo ulibisha hodi, au alibisha?

Tuchukue sentensi moja ya kutunga, kisa kikiwa mjini Tanga: "Magharibi ilipoingia, upepo wa Raskazone ulipita Barabara ya Nane ukibisha hodi mlango kwa mlango, ukimuulizia Mwanaidi."

Katika riwaya ya kawaida msomaji hasimami hapo. Ni tashihisi, upepo umepewa tabia ya mtu, tuendelee. Iweke sentensi hiyohiyo ndani ya riwaya ya vijana ya fantasia ya mjini, ile ambayo mji ni wa kweli, una bodaboda na luku inayokatika, ila kuna viumbe wanaishi humo na wenye mji hawajui. Sasa msomaji anakwama. Upepo umevuma tu, au kuna kitu kimemjia Mwanaidi?

Ubishi kuhusu riwaya hizi zinapoandikwa kwa nathari ya kishairi, yaani maandishi ya mjazo yenye lugha ya ushairi, huanzia hapo, ingawa wabishi wenyewe huutaja kwa majina mengine. Wapo wanaolalamika kwamba lugha imepambwa mno, kisa hakitembei, kijana anakifunga kitabu kabla hajafika popote. Wengine wanajibu kwamba ukiivua riwaya lugha yake kitabaki kisa cha binti na jini, na hicho watoto wa Ngamiani wameshakisikia barazani mara kumi. Kwa maoni yangu wingi wa mapambo ni kesi ndogo. Kesi kubwa ni kwamba katika fantasia kila tamathali inashukiwa kuwa tukio.

Wanaolalamika wana haki kuliko wanavyodhani. Riwaya ya vijana ya aina hii mara nyingi ina kurasa 300 hadi 400, na msimulizi wa miaka 15 hadi 18 anayesema "mimi". Sura tatu za mwanzo zina kazi nzito: kuutambulisha mji, kumtambulisha msimulizi, na kumwonyesha msomaji yanayowezekana na yasiyowezekana katika dunia hiyo. Kurasa hizo zikijaa "bahari ilimeza jua" na "ukuta ulipumua", msomaji hana kipimo bado. Akiamini kila kitu, atatumia kurasa 50 akiusubiri ukuta upumue tena. Akichukulia yote kuwa mapambo, ukuta ukija kupumua kweli ukurasa wa 90 atahisi amechezewa. Wengi huachia hapo, na lawama huangukia msamiati mgumu. Urefu nao hauhusiki sana: Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ni kitabu chembamba, tena cha watu wazima, na wapo wasomaji wazoefu wanaokiweka chini njiani.

Mzigo huongezeka maradufu kitabu kikiwa cha Kiingereza, na hivyo ndivyo vingi vinavyomfikia kijana wa hapa, vikiwa vya mtumba, jalada limekunjika. Mwanafunzi wa kidato cha pili akikutana na mstari wa ajabu ana mambo matatu ya kuchagua: ni nahau ya Kiingereza asiyoijua, ni pambo la mwandishi, au ni jambo limetokea kweli? Kamusi itamsaidia kwa la kwanza tu. Kwa msomaji huyo nisingeanza na kitabu cha namna hii, hata kisifiwe vipi.

Upande wa pili nao una hoja ambayo haisemwi vya kutosha. Msomaji wa Tanga ana mtaji. Mtu aliyekatazwa kupiga mluzi usiku tangu utotoni, na anayejua kwamba ndani ya mapango ya Amboni watu huingia kuona mawe na wengine huingia kuweka sadaka, hahitaji kufundishwa kwamba mji mmoja unaweza kuwa na wakazi wa aina mbili. Ile shaka kati ya upepo na jini ni hali anayoishi nayo, na nathari ya kishairi ndiyo inayoweza kuitunza shaka hiyo ikiwa hai kwa kurasa nyingi. Nathari kavu hulazimika kukata shauri mapema. Ukishaandika "jini aliingia", ameingia.

Shule ndiyo inayoharibu mtaji huo, kwa kosa la kinyume. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapahapa Tanga, aliiweka nchi ya Kusadikika (1951) angani, nasi tumefundishwa kuisoma kama fumbo kuhusu utawala dhalimu wa enzi ya ukoloni. Kwa kitabu kile usomaji huo ni sahihi. Shida ni mazoea. Miaka ya kujibu maswali ya fani na maudhui humfanya kijana ageuze kila ajabu kuwa fumbo: jini ni ufisadi, mbuyu ni mila, maji ni uzazi. Katika fantasia ya mjini jini kwanza ni jini. Ana njaa, ana deni la kodi ya chumba Makorora, anaogopa kitu fulani. Maana nyingine zikiwepo zitamfuata nyuma.

Basi msomaji atajuaje? Kwanza atazame neno "kama". Ukuta uliopumua kama mgonjwa ni tashbihi, hakuna hatari. "Kama" ikidondoka, aweke alama ya penseli pembeni asisimame. Kisha aangalie wahusika wengine: ukuta ukipumua halafu shangazi akaendelea kukuna nazi, huenda ni macho ya msimulizi tu, shangazi akiiacha mbuzi na kutoka nje, ni tukio. Kipimo cha mwisho ni alama inayobaki. Tukio huacha kitu, unyevu kwenye chokaa au mlango usiofungika tena, na kitu hicho hurudi kurasa chache mbele. Kurasa 20 hadi 25 kwa kikao zinatosha. Baada ya kila 50 arudi kwenye alama zake za penseli, nyingi zitakuwa zimejijibu.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili kuna chombo kikali kuliko vyote hivyo, na kinatumika kidogo mno: ngeli. "Upepo ulibisha hodi" bado ni tashihisi, kwa kuwa kitenzi kimeshika u- ya upepo. Badilisha herufi moja: "Upepo alibisha hodi." Hilo si pambo tena, upepo amehamia upande wa watu. Sungura na fisi hawatushtui kwa hilo maana wako kwenye A-WA, ngeli ya watu na wanyama, tangu mwanzo. Anayeshtua ni ukuta, ni mti, ni bahari. Utamu zaidi uko kwenye wingi. "Pepo zilifika Chumbageni usiku" ni hali ya hewa. "Pepo walifika Chumbageni usiku" ni habari ya kufunga madirisha.

Anayetaka kuitunza shaka ana hu-. "Upepo wa Raskazone hubisha hodi magharibi." Kiambishi hicho hakibebi ngeli yoyote, kwa hiyo msomaji hawezi kujua kama ni u- au a-. Tena hutaja mazoea, na mazoea ndiyo kanuni za dunia ya riwaya: kinachosemwa kwa hu- ndicho kitakachorudi. Njia ya kinyume ni kumtoa mtu kwenye ngeli yake. "Mwalimu aliingia, akafunga mlango. Likageuka." Hapo hakuna haja ya pembe wala kwato. Ila li- ni matusi pia, "lidada lile", hivyo litumike pale ambapo sauti ya msimulizi haina hasira, la sivyo msomaji atadhani mwalimu anatukanwa.

Kwenye mapigano, na pale kanuni za uchawi zinapotajwa, mashairi yapungue. Hapo sentensi fupi kavu, -ka- juu ya -ka-.

Chombo hiki kina adui mmoja, naye ni mhariri makini. Mswada wenye "upepo alibisha" ukimfikia asiyeambiwa, ataurudisha umesahihishwa upatanisho, na ataukosa mmoja ukurasa wa 140, kwa hiyo upepo atakuwa mtu mara moja tu kitabu kizima, kama kosa la chapa. Mwandishi aambatishe karatasi moja: kitu gani kinahamia A-WA, kuanzia ukurasa gani, na kinarudi lini. Mbuyu, uk. 88, harudi. Upepo, uk. 112, hadi Mwanaidi atakapomwita kwa jina. Bahari ibaki i-, isiguswe.