Vibua Vinanadiwa Hadharani, Nyumba Inauzwa kwa Kunong'ona

Jumapili asubuhi, napekua simu kabla hata sijatoka kitandani, nikaliona tena lile geti la bluu. "Nyumba inauzwa Kimara, vyumba vitatu, kimoja masta, fensi, maji na umeme, hati safi. Milioni 140, maongezi yapo. Wahi." Picha imepigwa upande uleule wa mwembe. Hata kamba ya kuanikia nguo haijafunguliwa.

Geti lile nalijua kwa sababu mwaka jana nusura liwe langu.

Mnaotafuta nyumba Dar mnajua ngoma inavyochezwa. Unatoa elfu ishirini ya kuonyeshwa, dalali anakuzungusha kwa bodaboda jua la saa saba, nyumba tatu za kwanza hazifanani kabisa na ulichomwambia, ya nne unaipenda. Ukishaipenda mpaka usoni, umekwisha. Jioni ileile simu inaita: "Dada, kuna mteja mwingine kaielewa. Hela anayo mkononi. Anakuja kufunga kesho."

Mteja mwingine! Huyu mtu namfahamu tangu nilipokuwa natafuta chumba cha kupanga Sinza. Hana sura, hana jina, ila siku zote ana hela taslimu na siku zote anakuja kesho. Nilipotafuta fremu ya duka alikuwepo. Nilipotaka kiwanja Kibaha alikuwepo, tena safari ile akitokea Marekani.

Basi nikaanza na milioni 105. Jibu likarudi: mwenzio kafika 112. Nikaenda SACCOS, nikagombana na mume wangu, nikafika 115. Kimya siku mbili, halafu: "Dada, mama mwenye nyumba anasema chini ya 120 haongei." Nikanyoosha mikono. Nikasema ni riziki ya mtu.

Miezi minne baadaye niko msibani Tabata, nimeketi mkekani pembeni ya mwalimu mmoja mstaafu. Maongezi ya misiba yetu yanaanza na marehemu, yanaishia kwenye bei za viwanja. Akasema ameuza nyumba yake Kimara, sasa anaishi kwa mwanawe Morogoro. Nikauliza Kimara sehemu gani. Geti la bluu. Nikamuuliza kwa heshima zote, mama, kama si siri, uliuza ngapi?

Tisini na nane.

"Wateja hawakuwepo, mwanangu. Waliletwa wawili tu. Mmoja alisema tisini, wa pili ndiye huyo aliyechukua."

Yaani milioni zangu 115, ambazo nilizitaja kwenye simu kwa sauti na kuzirudia ili zisikike vizuri, hazikumfikia. Na ile 120 aliyokuwa "haongei chini yake" hakuwahi kuisikia mdomoni mwa mtu yeyote, wala mdomoni mwake mwenyewe haikutoka. Mtaniuliza: dalali mwenye akili si angechukua 115, akampa mama 98, akabaki na cha juu chake? Nami nilijiuliza hivyo mpaka Jumapili. Nani aliyenunua kwa 98 na leo anauza 140, sijui, na sina ushahidi wa kumpeleka mtu popote. Hesabu tu ninayo. Cha juu cha milioni 17 ni kitoweo. Milioni 42 ni ng'ombe mzima.

Sasa nendeni Feri alfajiri, pale soko la samaki. Ndoo ya vibua inawekwa mezani, mnadishaji anapaza sauti, huyu anaongeza elfu mbili, yule elfu moja, na kila mtu kuanzia mama lishe mpaka mwenye ndoo anasikia nani kasema nini. Ukishindwa, unajua umeshindwa kwa shilingi ngapi. Mwenye samaki naye anajua kwamba bei ya juu kabisa iliyotoka midomoni mwa watu asubuhi ile ndiyo aliyolipwa. Samaki wenyewe kufika jioni washaliwa! Nyumba, kitu ambacho mtu anakinunua mara moja maishani na kukilipia miaka kumi na tano, tunaiuza kwa kunong'onezana, kupitia mdomo wa mtu mmoja anayeongea na kila upande peke yake.

Au nendeni kwa wakulima wa korosho. Kwa miaka mingi minada ya kule Mtwara ilienda hivi: kila mnunuzi anaandika bei yake, anaifunga kwenye bahasha, anatumbukiza sandukuni. Bahasha zinafunguliwa mbele ya wakulima wenyewe, bei zinasomwa moja moja, halafu mkulima ndiye anayesema nimekubali au nimekataa. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walisikia bei zilizosomwa wakazikataa palepale, na mambo yakapamba moto hadi Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tangu msimu wa 2024 mnada umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa. Najua mfumo huu wa stakabadhi ghalani, ambamo korosho zinawekwa ghalani kwanza ndipo zinapigwa mnada, una kero zake, msinianzie, waliocheleweshewa malipo ninao kwenye ukoo. Lakini mzee wa Tandahimba mwenye magunia sita ana haki ya kusikia kila bei iliyotolewa kwa korosho zake. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini hakuwa na haki hiyo kwa nyumba yake ya pekee.

Hapo ndipo tunapojidanganya. Tunadhani siri ya bei inamuumiza mnunuzi na kumnufaisha muuzaji, kwa hiyo wauzaji wanaikumbatia. Mnunuzi mimi nilipoteza elfu ishirini na usingizi. Aliyepoteza milioni 17 ni muuzaji.

Sawa, nijibu wanaojitayarisha kunijibu. Dalali naye anatembea juani na hana mshahara, ni kweli. Dalali mzuri atakuambia ile nyumba ya kona ina kesi baraza la ardhi, na hilo peke yake linazidi kamisheni yake. Nakubali, ingawa leo nakubali kwa shingo upande. Na wenye nyumba wana sababu za kutotaka bei ijulikane: ndugu wa mirathi, TRA, vibaka. Haya, majina yafichwe. Bei zisifichwe. Kinachoshindikana hapo ni nini?

Msidhani wenzetu ni malaika. Mdogo wangu yuko Brampton, Kanada, na huko Ontario watu wananunua nyumba kwa kupapasa gizani kuliko sisi: unaambiwa mko saba mnaoigombea, basi, wametoa ngapi huambiwi. Tangu Desemba 2023 sheria yao inamruhusu muuzaji kuziweka wazi bei zilizotolewa akipenda. Akipenda! Mdogo wangu hajakutana na aliyependa. Norwe ndiyo walioniondolea hoja ya "haiwezekani": bei inatolewa kwa maandishi, na nyumba ikishauzwa, muuzaji na mnunuzi wanakabidhiwa orodha ya bei zote zilizotolewa, na walioshindwa wanaweza kuomba nakala isiyo na majina.

Hapa kwetu hata kompyuta haihitajiki. Daftari la shule linatosha. Kila mteja aandike bei yake, tarehe na sahihi, karatasi zifike mkononi mwa mwenye nyumba, na kila mmoja aambiwe ya juu imefika ngapi. Wale viongozi wa mtaa ambao siku ya kuandikishana huwa hawakosekani, na kalamu ya kuhesabia asilimia yao wanakuja nayo, washuhudie na hili, wafanyie kazi hela yao. Hata benki inapouza nyumba ya aliyeshindwa mkopo, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaka itafute bei nzuri, na ikiuza chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, inahesabika imekiuka wajibu wake mpaka ithibitishe vinginevyo. Mdaiwa sugu ana kinga hiyo. Mwalimu wa watu hana.

Sijamwambia. Pale msibani nilimeza mate, nikala wali wangu, nikasema hongera mama. Alinipa namba yake nimtafutie vifaranga wa kuroila, anataka kufuga huko Morogoro. Jumatatu akaniandikia: vipi mwanangu, wamepatikana? Tangazo la geti la bluu bado lilikuwa wazi kwenye simu yangu.

Nikamjibu kuhusu vifaranga.